Sikio Si Bawaba

Mume wangu hutengeneza mageti ya chuma. Karakana yake iko nyuma ya nyumba yetu. Kutwa nzima ni nyundo na grainda, nyundo na grainda, mwaka wa ishirini na sita huu. Mtaani wanamwita Nyundo, na jina limemkaa.

Masikio yake yalipungua kidogo kidogo. Kwanza hakusikia hodi. Kisha hakusikia maji yakichemka. Mwishowe hakunisikia hata mimi, labda nipige kelele. Basi mambo yetu ya ndani yote majirani wanayajua. Nikimwambia mgongo unaniuma, kesho yake jirani wa nyumba ya tatu ananipa pole.

Nacheka, lakini naumia. Zamani tulizungumza kwa sauti ya chini jioni, tukimenya viazi. Yalikuwa maneno madogo tu, ya sisi wawili. Neno la namna hiyo halipigiwi kelele. Nikawa nayameza. Nilikuwa na hamu na mume wangu, naye amekaa mbele yangu.

Siku moja nilimkuta karakanani ameinamisha kichwa upande. Mkononi ana kikopo cha mafuta ya mashine.

"Unafanya nini wewe?" nilipaza sauti.

"Bawaba ikikwama unaitia mafuta," alijibu. "Na hili sikio limekwama. Nimeshatia mara tatu wiki hii."

Nilimnyang'anya kikopo. Nikamshika mkono mpaka kliniki ya masikio, anakofanya kazi binti wa jirani yetu. Ni muuguzi. Alimmulika masikio, akayapima kwa mashine. Kisha akakaa mbele yake, wakatazamana, akasema polepole, kwa sauti ya juu na wazi.

"Baba, sikio si bawaba. Mafuta ya mashine yatakutia vidonda. Tena tatizo lako haliko mlangoni mwa sikio. Ndani kabisa kuna vinywele vidogo sana, havionekani kwa macho. Hivyo ndivyo vinavyopokea sauti. Kelele za chuma zimeviua."

"Si vitaota tena? Mbona ndevu nikinyoa zinaota?"

"Kwa binadamu havioti, baba. Kwa kuku vinaota."

Mume wangu alinigeukia. "Yaani kuku ananizidi?"

Tulicheka. Kisha nikauliza lililokuwa moyoni. "Mwanangu, hakuna dawa ya kumrudisha alivyokuwa?"

"Watafiti wanaitafuta, mama. Wanachunguza kuku anafanyaje, ili vya binadamu navyo viote. Wapo watoto waliozaliwa viziwi kwa kasoro moja ya kurithi. Baadhi yao wametibiwa katika utafiti, wakaanza kusikia. Lakini kwa sikio lililoharibiwa na kelele, dawa iliyothibitishwa bado. Mtu akikuuzia mtaani, anakudanganya."

"Basi nitaisubiri," Nyundo akasema.

"Miaka mingapi?" nikapaza sauti. "Mimi niendelee kuzungumza na ukuta?"

Alimgeukia muuguzi.

"Subiri, baba, lakini subiri huku unasikia," muuguzi alisema. Alimvalisha kifaa kidogo nyuma ya sikio. "Hiki hakiponyi, kinakuza sauti. Karakanani kivue, uvae vifunika masikio. Tulinde kilichobaki."

Wiki za kwanza alinung'unika. Eti milio ya vijiko inamtoboa kichwa. Eti sauti yangu imekuwa ya redio mbovu. Akikivua, namrudishia.

"Sikio la kufa halisikii dawa," nilimtania. "Lako halijafa. Vaa."

Akavaa. Siku hizi vifunika masikio vinaning'inia msumarini, kando ya grainda. Haiwashi kabla ya kuvivaa. Na kila tukirudi kliniki kupimwa, humuuliza muuguzi, "Habari za kuku?"

"Watafiti bado wanasoma, baba."

"Waambie nipo."

Jioni moja tulikuwa tukimenya viazi. Maneno yakanitoka kwa sauti ya chini, kama zamani.

"Nilikuwa na hamu na wewe."

Kisu chake kilisimama.

"Na mimi," alisema. "Nilikuwa naiona midomo yako inacheza. Nikatamani sana kujua inasema nini."

Tukazungumza mpaka viazi vikaisha. Nilimwambia mengi niliyokuwa nimeyameza.

Kesho yake hakuna jirani aliyenipa pole.