Dakika Nane za Kanku

Siku ile ilianza kama siku zote za mwaka wa tisini na tatu: kazi hakuna, lakini kazini tulikwenda. Migodi ya Kolwezi ilikuwa imelala, mishahara haiji, na sisi wa ofisi ya ramani tulikuwa tunafuta vumbi mezani ili mikono isikae bure. Mimi, Kisimba, nilikuwa karani. Tshilombo, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta kule mtaa wa Kapata, alikuwa mchora ramani. Tulikuwa tumechoka wote wawili, uchovu ule ambao usingizi hauutoi.

Tofauti yetu ni kwamba yeye alikuwa anafukuzwa. Baba yake aliletwa kutoka jimbo la Kasai kuchimba shaba kabla sisi hatujazaliwa. Tshilombo mwenyewe kazaliwa Kolwezi, kaoa Kolwezi, na hiyo Kasai hajawahi kuikanyaga. Sasa vijana walipita barabarani wakiimba kwamba watu wa Kasai warudi kwao. Maelfu walikuwa wamehamia kwenye uwanja wa stesheni, wanalala chini ya maturubai, wanasubiri treni isiyojulikana itakuja lini. Sisi majirani tulinyamaza. Niseme ukweli wangu: nilinyamaza na mimi, na mpaka leo naona aibu.

Pale ofisini kulikuwa na kompyuta iliyoachwa na mhandisi Mbelgiji aliyekimbia baada ya askari kupora mji. Mke wake alikuwa mtu wa kutabiri kwa nyota, na alisahau disketi moja ndani. Ukiingiza siku, saa na dakika ya kuzaliwa kwako, mashine ya kuchora, ile yenye mkono na kalamu za rangi, inakupitishia mistari juu ya ramani ya dunia. Hapa, dakika ile ulipozaliwa, sayari ya Jupiter ilikuwa imesimama juu. Kule ilikuwa Saturne. Chini ya Jupiter mtu anapumua, chini ya Saturne anabeba mizigo. Ndivyo disketi ilivyodai.

Tshilombo aliicheka, kisha watu wa stesheni wakapata habari. Mtu anayeambiwa arudi kwao, na kwao hakujui, ataamini hata kalamu. Walikuja na kadi za uzazi, maana hospitali ya kampuni iliandika saa na dakika ya kila mtoto wa mfanyakazi. Kule Kasai waende Kananga, au Mbuji-Mayi, au washukie Mwene-Ditu? Tshilombo alimchorea kila mmoja.

"Nabadanganya, Kisimba," aliniambia akibadilisha karatasi. "Lakini bakitoka hapa, banatembea muzuri."

Siku hiyo akatoa kadi ya mtoto wake mwenyewe. Alikuwa na binti wa miaka tisa, Kanku. Walizaliwa mapacha: Mbuyi kwanza, saa kumi na dakika kumi alfajiri, kisha Kanku, dakika nane baadaye. Mbuyi aliuawa na surua kabla ya kutimiza miaka miwili. Kanku ndiye aliyebaki, na Tshilombo alimpenda mpaka watu wakamtania. Pale stesheni watoto walikuwa wanazikwa kila asubuhi. Amchukue Kanku apite naye humo, au amwache?

"Nataka kujua kitu kimoja tu," akasema. "Pahali mutoto wangu ataishi."

Akaandika saa ya Kanku kwa Kizungu, 4h18. Mkono wa mashine ukasogea, kalamu ya buluu ikashuka, ukatokea mstari wa Jupiter, wima, kutoka juu hadi chini. Ulipita Mwene-Ditu. Tshilombo akacheka kwa mara ya kwanza tangu Krismasi.

Akaweka ramani kubwa ya Katanga na Kasai, auone vizuri zaidi. Mkono ukachora tena. Safari hii mstari haukupita Mwene-Ditu. Ulipita Kolwezi, hapo hapo Kapata. Chini yake mashine ikaandika 4h10.

"Umeweka saa ya Mbuyi," nikamwambia.

"Hapana. Angaria."

Kwenye kioo cha kompyuta ilikuwa 4h18. Akanieleza kwa sauti ndogo kwamba dunia inazunguka, na dakika nane zinatosha kuusogeza mstari kutoka Kolwezi mpaka usawa wa Mwene-Ditu. Akafuta yote. Akaanza upya. Umeme ukakatika.

Hilo lilikuwa jambo la kila siku. Kioo kikawa cheusi. Feni ikapunguza mwendo, ikasimama. Mkono haukusimama. Ulishuka polepole juu ya karatasi. Ulipita Kapata. Uliandika 4h10. Ukarudi mahali pake.

Ilikuwa saa nane mchana, jua limejaa dirishani. Nalisema hili ili mtu asinisingizie macho ya usiku.

Jioni akamtandikia mkewe Mbelu zile karatasi sebuleni. Mimi na mke wangu Agnès tulikuwepo. Mbelu alizitazama, akakaa chini kwenye sementi.

"Mashine haijadanganya," akasema. "Mi njo nilidanganya."

Akamgeukia mumewe.

"Ulikuwa ku Likasi kwa kazi. Ukaenda ukisema, angaria Kanku wangu, juu alikuwa muzaifu. Njo yeye alikufa. Siku ulirudia, ukiwa ku mulango, ukauliza mbele ya yote: Kanku iko? Nikasema iko. Nikasema ni Mbuyi alienda. Balikuwa sura moja. Nani angejua?"

Miaka saba. Miaka saba Tshilombo alimwita mtoto huyu kwa jina la maiti, akambeba mabegani, akamnunulia viatu vya Noeli. Hakumpiga mkewe, hakupaza sauti. Aligeuka tu kumtafuta binti, na binti alikuwa amesimama mlangoni.

"Sasa mi ni Mbuyi?" mtoto akauliza.

Baba yake alimtazama kama mtu anayetazama mgeni. Ilikuwa kitambo kidogo tu, lakini mtoto alikiona, na mimi niliona kwamba amekiona. Iliniuma.

Mbelu ndiye aliyeamua. "Mustari wake iko hapa. Mama Agnès, mumubakishe. Tukipata nyumba kule, tutatuma muntu amukamate, amulete."

Tukakubali. Jina la Kasai lingemletea balaa, kwa hiyo tukamwita Mamie, mtoto wa dada yangu wa Kasaji, mji wa huku huku Katanga. Hilo lilikuwa jina lake la tatu.

Treni ilikuja baada ya siku tisa, mabehewa ya mizigo matupu. Niliwasindikiza peke yangu. Mamie tulimfungia nyumbani na Agnès, asionekane. Mtawa mmoja alisimama na orodha, amechoka mpaka miwani inamteleza.

"Tshilombo. Mbelu. Kanku. Batatu, mupande."

"Ma Sœur," nikamnong'oneza, "ni wawili. Mtoto hayumo tena, hasafiri."

"Alikuja yeye mwenyewe asubuhi," akajibu bila kuinua macho. "Akasema jina yake, nikaandika."

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Tshilombo akapanda behewa. Akamvuta mkewe. Kisha akainama tena. Akashusha mkono. Akaushusha chini sana, usawa wa kichwa cha mtoto. Akafunga vidole. Akavuta.

Niliona bega lake likibeba uzito.

Mbelu akasogea, akaacha nafasi kati yao. Nafasi ndogo. Watu walikuwa wamebanana mle mpaka wengine wanakaa mlangoni miguu nje, lakini hakuna aliyeiingia nafasi ile. Treni ikaondoka. Hawakunipungia mkono.

Nilikimbia mpaka Kapata. Mamie alikuwa anapepeta mchele. Agnès aliapa kwamba mtoto hajatoka hata uani.

Ikapita miezi kumi. Mamie hakuugua hata siku moja, wakati mtaa mzima unatetemeka kwa malaria. Kila jioni aliuliza kama barua imefika. Kila jioni nilisema bado, nikijidai nina shughuli. Kisha mfanyabiashara mmoja akaleta bahasha kutoka Mwene-Ditu.

"Tata Kisimba," Tshilombo aliandika, akiniita baba kama tunavyoitana huku, "tunakushukuru kwa kumfikisha mtoto kwenye treni. Uchovu ulitufanya tusikuage. Kanku anasoma vizuri, anakula vizuri. Mwambie Mama Agnès tuko watatu, na tumepata nyumba. Hatuna tena mtu Kolwezi, kwa hiyo hatutarudi."

Ndani kulikuwa na picha: Tshilombo, Mbelu, na kati yao binti wa miaka kumi, mkono wa baba juu ya kichwa chake. Sura ya Mamie, mpaka kovu dogo la nyusi ambalo Mamie alilipata kwetu, Pasaka baada ya treni kuondoka, alipoanguka bombani.

Niliandika barua tatu. Binti yenu yuko hapa, mje mumchukue. Mbili za kwanza hazikujibiwa. Ya tatu ilirudi na mstari mmoja, mwandiko wa Mbelu: "Tata, usituchezee, mtoto wetu analala hapa pembeni yangu."

Barua zao na ile picha nilizificha chini ya godoro. Mamie alizikuta alipokuwa anatandika. Nilipoingia alikuwa ameketi kitandani na picha mkononi, ameigeuza upande wa nyuma. Kulikuwa na maneno mawili ya penseli, ambayo naapa hayakuwepo nilipoipokea: Kwa Mbuyi. Nikachukua daftari lake la shule nikalinganisha. Herufi zilikuwa zake, hata ile B anayoianzia chini.

"Wewe njo uliandika?"

"Hapana, tata."

Hakulia. Aliirudisha picha ndani ya bahasha, akainyoosha kwa kiganja, akanipa.

"Sasa nisubiri nani?" akaniuliza.

Ana watoto wanne leo, anaishi nyumba ya tatu kutoka kwangu, na bado sijamjibu.