Maneno Nyuma ya Picha

Kila asubuhi Mukami hufungua mlango wa studio na mumewe Ireri huosha kioo cha mbele. Wamegawana kazi hivyo tangu ujana wao, hapo hapo Majengo, mjini Meru, mkabala na bucha ya Idris. Siku hizi Ireri akimaliza kuosha, kioo hubaki na michirizi ya sabuni. Yeye haioni. Mukami humngoja aingie ndani, kisha hutoka na kitambaa, akapangusa taratibu. Hamwambii kitu.

Ireri ana presha ya macho. Ilimjia polepole, bila maumivu, ikaanza kula uwezo wake wa kuona pembeni. Alidhani ni balbu za duka zimechoka. Alipofika kwa daktari, aliambiwa dawa ya matone itapunguza mwendo wa ugonjwa, lakini uwezo wa kuona uliokwisha kupotea hautarudi.

"Ungekuja mapema, mzee," daktari alisema.

"Nilikuwa kazini," Ireri akajibu.

Na kweli alikuwa kazini. Alitoka kwao Kanja, kule Embu, akaja Meru na kamera moja. Akawapiga picha watu ambao hakuna mwingine aliyewataka. Wapiga picha wa magazeti walikuja siku mkubwa fulani alipokuja kukata utepe wa jengo jipya. Walimpiga picha mkubwa, wakaupiga na mkasi, wakaenda zao. Ireri aliwapiga wanawake waliobeba mchanga wa jengo lile kwa migongo yao. Aliwapiga wachuma kahawa wakingoja malipo ambayo hayakufika. Na siku vibanda vya soko vilipobomolewa alfajiri, wakubwa walisema havikuwa na mtu. Uongo! Watu wamo kwenye filamu ya Ireri hadi leo. Mama mmoja ameukumbatia mlango wa kibanda chake kama mtu anayembembeleza mtoto.

Filamu hizo zilijaa kwenye makopo ya maziwa ya unga chini ya kaunta. Majina hayakuwemo. Ireri hakuandika jina la mtu hata mara moja.

"Majina yako hapa," alizoea kusema, akigonga kipaji cha uso.

Sasa Mukami alikosa raha. Majina yamo kichwani mwa mumewe. Nyuso zimo kwenye makopo. Macho yakiisha, nani atakutanisha majina na nyuso?

"Baba Karimi," alimwambia mumewe siku moja wakila githeri, mahindi kwa maharagwe, nyuma ya duka. "Tuziweke hizi picha kwa mtandao. Tufungue tovuti. Watu waje wajione."

"Tovuti? Mimi na wewe?"

"Kwani wenye tovuti wana vichwa viwili?"

Ireri akacheka, akakubali. Zuleka, binti ya Idris mwenye bucha, ana duka la kompyuta pale jirani. Yeye ndiye aliyezipitisha filamu kwenye mashine, zikawa picha za kompyuta. Lakini kabla hajaulizwa lolote kuhusu tovuti, alitokea Lennox.

Lennox ni muuzaji wa kampuni moja inayotengeneza tovuti. Ana viatu vilivyochongoka na maneno matamu. Aliweka laptop juu ya kaunta, akaingiza zile picha za kompyuta, akabonyeza. Picha za Ireri zikaanza kuteleza zenyewe, moja baada ya nyingine, na muziki juu yake.

"Mama, si unaona? Hii ni kali!"

"Woi! Baba Karimi, njoo uone!" Mukami alipiga makofi.

Ireri akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa kioo cha laptop. "Huyo ni nani?"

"Ni wale mama wa mchanga."

"Yupi? Simamisha nimwangalie."

"Haisimami, mzee," Lennox alisema. "Ndiyo staili yake."

"Na jina lake linaandikwa wapi?"

Lennox akatabasamu. "Siku hizi watu hawasomi, mzee. Wanaangalia tu."

Maneno hayo ni ya zamani sana katika nchi hii. Kila mara anayetaka kumuuzia maskini kitu kibovu huanza kwa kusema kwamba maskini hasomi. Mukami aliyasikia, yakamchoma. Lakini alikuwa amekwisha kupenda zile picha zinazoteleza. Walikubaliana kuijaribu bure hadi mwisho wa mwezi, kisha walipie mwaka mzima.

Kabla mwezi haujaisha, mwanamke mmoja aliingia dukani, leso mkononi. Jina lake Karwirwa. Alikuwa ametoka Kianjai.

"Nimeambiwa hapa kuna picha za wanawake waliobeba mchanga," alisema. "Mama yangu alikuwa mmoja wao. Anaitwa Nkirote. Amefariki. Tunamzika kesho kutwa, na hatuna picha yake ila ile ya kitambulisho."

"Pole sana, mwanangu. Keti," Mukami alisema.

Walifungua tovuti. Picha zikateleza. Karwirwa aliinama mbele, akafuata kila uso kwa macho. Nyuso nyingi zilikuwa zimeinama chini ya mizigo, na kabla hajazitambua zilikuwa zimepita. Hakukuwa na mahali pa kuandika "Nkirote" wala "Kianjai". Muziki uliendelea kulia. Mukami alitafuta pa kuuzima, asipaone.

"Huyo!" Ireri alisema ghafla. "Mwenye kitambaa cha maua. Namkumbuka mama yako. Ndiye huyo."

Zuleka aliitwa, akaitoa picha ile kwenye karatasi. Karwirwa aliishika kwa mikono miwili. Akauchunguza ule uso.

"Mzee," alisema kwa upole, "huyu si mama."

Ireri aliichukua karatasi, akaigeuza kuelekea mlangoni penye mwanga. Akaisogeza karibu, akaiweka mbali. Karwirwa aliaga, akaenda na mikono mitupu. Baadaye walisikia kwamba ile picha ya kitambulisho ilikuzwa sana kwa ajili ya mazishi, mpaka uso wa Nkirote ukawa kama moshi.

"Nimempa mtu mama asiye wake," Ireri alisema. Aliketi kwenye kiti cha wateja, akatazama ukuta. "Mama Karimi, yamekwisha haya."

"Hayajaisha," Mukami alisema. Lakini sauti yake haikuwa na nguvu.

Zuleka alikuwa bado amesimama pale. Alivuta kiti, akaketi mbele yao.

"Mzee, mama, naomba niwaulize. Mlipochagua ile tovuti, mlitafuta nini?"

"Ilikuwa inapendeza," Mukami akakiri.

"Inapendeza, ndiyo. Ni kama ukumbi wa sinema. Lakini nyinyi mnataka ifanye nini?"

Mukami hakuhitaji kufikiri. "Nataka mtu wa Kianjai aandike Kianjai, apate mama yake."

"Basi mnataka blogu. Kwenye blogu kila picha inapata ukurasa wake. Juu kichwa, chini habari yake. Halafu unaweka lebo. Lebo ni neno la kutafutia: Kianjai, mchanga, Nkirote. Mtu akiandika neno hilo, picha inakuja."

"Na kama siku moja tukitaka kuhama?" Ireri aliuliza. Amekaa nyumba za kupanga maisha yake yote. Anajua habari ya kuhama.

"Swali zuri, mzee. Muulizeni na Lennox."

Mukami alipiga simu pale pale. Lennox akajibu kwa uchangamfu: wakiacha kulipa, tovuti inafungwa.

"Na tulichoandika? Tunapewa?"

"Ah, hapo mtaanza upya, mama. Lakini kwani mtahama kwenda wapi?"

Mukami alikata simu. "Huyo anataka tutundike nyama yetu kwenye ndoano yake, halafu atuuzie!"

"Mwambie baba yangu hivyo, atakupa maini ya bure," Zuleka alisema, na hata Ireri akacheka.

Zuleka aliwafungulia blogu mbili za majaribio, Blogger na WordPress. Zote zinaanza bure. Zote zinakubali upakue maandishi yako na kuondoka nayo. Aliwaambia wazi kwamba ya bure ina mipaka yake: nafasi ya picha ina mwisho, na matangazo ya watu huenda yakatokea. Aliwaambia pia kwamba blogu si sanduku la akiba. Picha kubwa za asili zikae kwenye diski mbili, moja dukani, nyingine nyumbani. Kwenye blogu iwekwe nakala ndogo, inayofunguka upesi hata kwa simu ya bando kidogo.

Mukami alijaribu kuandika kwenye zote mbili. Akachagua WordPress, kwa kuwa vidole vyake vilipata njia humo bila kuuliza.

"Kuna jambo lingine," Zuleka alisema. Sasa alimtazama Ireri. "Nyuma ya kila picha kuna kisanduku cha maneno. Mtu anayeona hakisomi. Lakini simu ya mtu asiyeona inakisoma kwa sauti. Wengi hukiacha kitupu. Ukikijaza, asiyeona anaambiwa picha ina nini."

Neno hilo, asiyeona, lilikuwa halijatamkwa humo ndani.

"Simu gani hiyo?" Ireri aliuliza.

"Hata hiyo yako, mzee. Sauti imo ndani. Ni ya kuwashwa tu."

Mukami aliutafuta mkono wa mumewe, akaushika.

Kazi ilianza mvua za vuli zilipoanza. Mukami aliketi kwenye kompyuta, Ireri kando yake, amefumba macho. Mukami alitazama picha, akaeleza.

"Wanawake wanapanda ngazi za mbao. Wamebeba mchanga."

"Hiyo haitoshi. Wako wengi. Angalia miguu."

"Mmoja amefungwa kitambaa kwenye kifundo. Amemgeukia mwenzake nyuma, kama anamwambia kitu."

Ireri alifumbua macho. "Huyo ndiye Nkirote! Alikatwa na koleo asubuhi ile. Msimamizi alimwambia akienda nyumbani asirudi. Akafunga jeraha, akapanda. Na alichokuwa anamwambia mwenzake ni mzaha juu ya tumbo la msimamizi. Wote walicheka, nusura mchanga umwagike."

Mukami aliukuza uso ule. Ulikuwa uso wa msichana, umeinama, kinywa wazi kwa kicheko. Alipiga simu Kianjai.

Karwirwa alipofika, Mukami alimwachia kiti. "Andika jina lake," alimwambia. Karwirwa aliandika kwa kidole kimoja. Picha ikaja.

"Anacheka," Karwirwa alisema. Machozi yakamdondoka. "Sisi tulimjua amechoka tu."

Alirudi Kianjai na picha kubwa, iliyotolewa kwenye ile diski ya akiba. Haikuwa na moshi.

Baada ya hapo watu walianza kuja. Walio hai waliulizwa kwanza kabla picha zao hazijawekwa. Wengi walikubali. Rahema, mama yake Zuleka, alikataa picha yake ya Idi.

"Mimi usiniweke huko, Mukami. Nilivaa kwa ajili ya Idris, na Idris aliona."

"Sikuona vizuri!" Idris akapaza sauti kutoka buchani. "Nilikuwa napima nyama!"

Picha hiyo haikuwekwa. Rahema alipewa nakala yake kwenye bahasha. Lakini yule mama aliyeukumbatia mlango wa kibanda alikubali mara moja. Alitaka jina lake lote liandikwe, na la baba yake. "Waliosema hapakuwa na mtu," alisema, "nao wana simu."

Mwaka ukageuka. Macho ya Ireri yalibakisha mwanga wa dirisha na vivuli vya watu. Bado huosha kioo asubuhi. Kisha huketi kwenye kiti cha wateja na kuweka simu sikioni, na sauti ya simu humsomea picha zake, moja moja. Sauti hiyo ina Kiswahili cha mgeni. Ikisema "Kianjai", Ireri huirekebisha, kana kwamba itasikia.

Siku moja iliisoma picha ya zamani sana, ambayo Mukami aliiweka mwenyewe bila kusema.

"Mke wa mpiga picha," simu ilisema. "Kanja."

Ireri alikunja uso. "Mama Karimi, nani aliandika hivi?"

"Mimi. Kwani si kweli?"

"Watu wa mchanga umewaandika mpaka vidole vya miguu. Wewe umejiandika maneno matano?"

"Aa, nilikuwa na kazi."

"Futa. Andika ninavyosema."

Mukami aliketi kwenye kompyuta. Ireri alifumba macho.

"Mukami, amesimama mlangoni mwa stoo ya kahawa. Sweta la kijani, kifungo kimoja hakipo. Amekasirika kwa sababu mpiga picha amemchelewesha kwenda nyumbani. Lakini mdomo umeanza kumsaliti. Yuko karibu kucheka."

Mukami aliandika yote. Kisha akaitazama picha tena.

"Baba Karimi, hii picha ni nyeusi na nyeupe. Kijani umekiona wapi?"

"Nilikuwepo," Ireri alisema.

Mukami alibonyeza, maneno yakaingia nyuma ya picha. Simu ikayasoma kwa Kiswahili chake cha ajabu, sweta, kifungo, mlango na mdomo. Ireri alisikiliza hadi mwisho, uso wake umeelekea dirishani.

"Isome tena," alisema.