Kikombe chenye Uzi Mwekundu

Kila asubuhi, kabla ya kuvaa sare, nilichukua sindano ya mama nikajichoma vidole, kimoja baada ya kingine. Kikiuma, nashukuru. Mama ni fundi cherehani, na ugonjwa wake ulianza hivyo hivyo: alijidunga sindano asihisi kitu. Sasa anatembelea mkongojo.

Siku hiyo nilimkuta shangazi jikoni akifunga uzi mwekundu kwenye kishikio cha kikombe cha mama. Alikishika kwa ncha za vidole kama panya aliyekufa.

"Hiki chake peke yake," alisema. "Na wewe jiangalie. Ukoo wa mama yako una damu mbovu. Zamu yako yaja."

Lo! Nilisikia kinyaa mpaka mate yakanijaa mdomoni. Gauni alilovaa kashonewa na mama huyo huyo, bure! Kisha nikajionea kinyaa mwenyewe, kwa kuwa nilinyamaza.

Alasiri nilimsindikiza mama kliniki. Daktari alikiona kidole changu kimevimba, akakiminya. Usaha ukatoka.

"Nani kakufanya hivi?"

"Mimi. Napima kama ugonjwa umenifikia. Shangazi anasema ni damu mbovu."

Mama alijishika mdomo. Daktari akasonya.

"Damu mbovu, upuuzi mtupu! Huu unaitwa multipo sklerosisi. Kinga ya mwili inashambulia utando wa mishipa ya fahamu. Hauambukizi kwa kikombe, wala haurithiwi kama shamba. Vinasaba vingi huongeza uwezekano, kila kimoja kidogo tu, na peke yake havitoshi. Kati ya watoto mia wenye mzazi kama mama yako, huenda wawili watatu wakaupata. Sigara huongeza hatari, basi usivute. Na sindano hiyo acha!"

Nyumbani nilichukua mkasi, nikaukata ule uzi, nikamimina chai katika kikombe hicho na kuinywa yote mbele ya shangazi.

"Mtoto wewe, utaugua!"

"Hauambukizi, shangazi. Kamuulize daktari aliyesomea."

"Wifi," mama alisema taratibu, "miguu ndiyo iliyolegea, si masikio. Asiyejua huuliza, hafungi uzi." Akanigeukia. "Nawe ukiogopa, uniambie. Hofu ya kuficha ndiyo iliyokutia usaha."

Shangazi aliinamisha uso. Baadaye akajimiminia chai katika kikombe kile kile, akanywa.

Mama alinipa sindano. "Hii ni ya kushonea. Vifungo vya shangazi yako vimelegea."

Kinyaa kilikuwa hakijaniisha, lakini nilivishona vikakaza.