Waya wa Buluu

Kila siku ya likizo, kabla mteja wa kwanza hajaingia, kazi yangu ilikuwa ileile: kufagia, kupangusa vumbi, kisha kuwasha kompyuta moja baada ya nyingine huku nikisikiliza feni zake zikianza kukoroma. Duka la intaneti ni la shangazi yangu. Ni chumba kirefu chenye mlango wa chuma na dirisha linalotazama karakana ya mbao. Watu huja hapo kuchapa barua, kutuma maombi ya kazi, kuongea na ndugu zao kwa video, au, kama Goli, kucheza mpira wa kwenye kompyuta na kupiga kelele kana kwamba wako uwanjani.

Goli tunasoma naye darasa moja. Jina hilo alijipa mwenyewe. Mimi jina langu la Sindano nilipewa na Shangazi, kwa kuwa ni mwembamba na, anavyodai yeye, nikimchoma mtu hasahau.

Nyuma ya kaunta, juu ya rafu, kulikuwa na visanduku viwili vyenye taa zinazopepesa, kimoja cheusi na kimoja cha buluu. Intaneti iliingia dukani kwa njia mbili. Njia ya kwanza ilipita kwenye waya mweusi, ya pili kwenye waya wa buluu.

"Mweusi ni lori," Shangazi aliniambia siku aliponifundisha kazi. "Linabeba mzigo wowote, na tunalilipia mara moja tu kwa mwezi. Lakini lori halina haraka. Buluu ni pikipiki. Inafika sasa hivi, ila inakunywa mafuta. Kila kinachopita humo kinapunguza kifurushi. Kifurushi kikiisha, tunakaa na lori letu mpaka mwezi mwingine."

"Kwa nini tusitumie pikipiki tu?"

"Nitakula nini?"

"Basi tutumie lori tu."

"Na wateja nao wale nini? Watahama. Tunazihitaji zote mbili, Sindano. Kazi ni kujua nini kipande wapi."

Lakini kusema kweli, hakuna aliyekuwa akipanga. Waya wa buluu ulikwenda kwenye meza zilizo chini ya feni kubwa, na mweusi kwenye meza za mlangoni. Mkubwa akiingia, mdogo anainuka na kumpisha chini ya feni. Ndivyo tulivyolelewa. Tatizo ni kwamba mkubwa alipoachiwa kiti, aliachiwa na waya pamoja nacho.

Mwaka uliopita jambo hilo lilimwumiza dada yangu. Dada alitaka kusomea uuguzi, na chuo alichoomba kiko mbali, hivyo walimhoji kwa video papa hapa dukani. Siku hiyo kifurushi kilikuwa kimeshaisha. Dada akahojiwa kwenye lori. Alipoulizwa swali la kwanza picha yake ikaganda, mdomo wazi kama mtu anayepiga chafya. Wale wahojaji walisubiri, wakaita, wakasubiri tena, kisha wakamwita mwingine. Dada alikaa mbele ya kioo cha kompyuta akiongea peke yake. Hakuna aliyemsikia.

Mwaka huu aliomba tena. Wakampangia Alhamisi ya wiki ya mwisho ya mwezi. Nilipokwenda kutazama kifurushi, moyo ulinipasuka: mwezi ulikuwa bado mchanga, na zaidi ya nusu ilikuwa imekwisha kunywewa.

"Shangazi, tuongeze."

"Sina cha kuongeza. Kodi ya chumba imepanda." Alinitazama usoni. "Tulicho nacho ndicho hicho. Tukitunze."

Siku hiyo niliapa kwamba picha ya Dada haitaganda tena. Nitafanya kazi, nitajifunza, nitagombana na yeyote. Haitaganda.

Kwanza nilikosea. Nilimwomba Shangazi ruhusa, nikachomeka kila mashine kwenye kisanduku cheusi. Nilidhani nimemaliza. Haikupita muda duka likawaka moto wa malalamiko.

"Sindano!" Goli alipiga ukelele. "Nimepiga shuti, kipa kadaka, kaenda nyumbani, kaoga, ndiyo kwanza mpira unatoka mguuni kwangu!"

"Na mimi," alisema mwalimu mstaafu, ambaye huja kuongea na mjukuu wake, "namwambia mtoto maneno ya kwaheri, yeye bado anajibu salamu."

Mteja mmoja aliyekuwa na mkutano wa kazi aliinuka, akabeba mkoba wake, akaenda zake. Shangazi alimtazama hadi alipopotea kwenye kona.

"Umeokoa mafuta ya pikipiki," aliniambia polepole. "Lakini abiria wamekwisha."

Nilimfuata kaunta. "Nifanye nini?"

"Usibahatishe. Kaa hapa kwangu utazame nani anakunywa nini."

Mashine ya Shangazi huonyesha matumizi ya kila kompyuta. Nikarudisha waya zote zilivyokuwa, nikavuta kiti, nikakodoa macho. Nilikuwa na hakika mlaji mkubwa ni Goli. Anayepiga kelele namna ile lazima ndiye anayekula. Kumbe wapi! Mchezo wake ulikuwa ukipita tone kwa tone. Makelele yake yalikuwa mengi kuliko matumizi yake. Mwalimu alitumia kiasi cha kutosha, lakini simu yake ilikuwa fupi. Halafu nikatazama mstari wa meza iliyo chini kabisa ya feni, nikashika kichwa.

Pale alikuwa ameketi Bosi wa Mbao, mwenye ile karakana ya ng'ambo ya barabara. Mtu mtaratibu, mkimya, mteja wetu wa kila siku. Alikuwa akipakua video ndefu za mashine za kupasua magogo ili akazitazame nyumbani na mafundi wake. Wala hakuwa akitazama chochote wakati ule. Alikuwa akisinzia, huku kompyuta ikivuta, ikivuta, ikivuta. Pikipiki yetu ilikuwa inabeba magogo.

Nilimwonyesha Shangazi. "Tumekuwa tukiuliza nani amekaa wapi. Tuulize anafanya nini! Anayeongea na mtu hawezi kusubiri. Goli naye hawezi, na isitoshe anatumia kidogo. Lakini video za Bosi zikifika jioni, zina kasoro gani? Hizo ni za lori."

Shangazi alimtazama Bosi pale aliposinzia. Bosi alikuwa akilipa vizuri, na bila kuchelewa.

"Unasema kweli," alisema hatimaye. "Lakini sharti ni moja. Usimhamishe mtu kimyakimya, ukamwacha afikiri yuko kule kumbe yuko huku. Huo utakuwa udanganyifu, hata kama nia ni njema. Umwambie usoni."

"Hata Bosi?"

"Yeye ndiye wa kwanza."

Kesho yake nilimfuata, mikono nyuma.

"Shikamoo, Bosi."

"Marahaba, Sindano. Mbona umesimama kama askari?"

"Nataka kuhamishia mashine yako kwenye waya mweusi. Kiti ni chako, feni ni yako. Waya tu ndio unabadilika. Video zako zitachelewa, lakini hutalazimika kukaa hapa. Nenda karakana, mimi nitazikusanya, na jioni nitakuletea kwenye flashi. Tena Shangazi atakupunguzia bei, kwa kuwa lori ni nafuu."

Bosi alivua miwani. Akamnyooshea Goli kidole. "Na huyu?"

"Huyu anabaki."

"Anayecheza anabaki, anayefanya kazi anahamishwa?"

"Yeye anabeba bahasha, Bosi. Wewe unabeba magogo."

Goli alicheka hadi akafungwa bao. Bosi hakucheka. "Hii ni dharau," alisema. Lakini alinipa flashi yake. Jioni nilimpelekea video zote, hakuna iliyokosekana. Aliipokea, akaitia mfukoni.

Tuliendelea hivyo. Kila aliyeingia nilimuuliza: "Leo unafanya nini?" Anayeongea au kuhojiwa, buluu. Anayepakua na kupakia mizigo, mweusi. Wengine walinung'unika, nikawaeleza. Wengine walielewa haraka kuliko nilivyoeleza. Mwalimu mstaafu alianza hata kunisaidia. Mtu akilalamika, yeye anamjibu kabla yangu. Nami kila asubuhi nilitazama kifurushi, nikikiona kinashuka taratibu kama mshumaa badala ya kuporomoka.

Alhamisi ikafika, na kifurushi bado kipo. Dada aliingia amevaa blauzi nyeupe iliyonyooshwa hadi mikunjo yake ingeweza kukata mkate. Nilimkalisha kwenye meza ya ukutani yenye waya wa buluu. Goli, bila kuambiwa, alizima mchezo wake.

"Leo sifungi mtu," alisema. "Dada yako kwanza."

Bosi naye alikuja. Hakutaka kuniachia flashi siku hiyo. Alisema ana haraka, video anazitaka sasa hivi, akakaa chini ya feni. Nilimkumbusha kwamba yuko kwenye waya mweusi. Akaguna.

Wahojaji walitokea kwenye kioo, wanawake wawili na mwanamume mmoja. Walimsalimia Dada. Sauti ilikuja safi. Wakamuuliza kwa nini anataka uuguzi, akajibu vizuri, nikashusha pumzi. Shangazi alikuwa amewapa mgongo wateja, akimtolea mtu nakala.

Ndipo ikatokea. "Mgonjwa amefika, hana... naye ana... unge..." Sauti ikakatika vipandevipande. Nyuso kwenye kioo zikawa miraba ya rangi. Dada aligeuza shingo akanitazama, na macho yale niliyajua. Yalikuwa ya mwaka jana.

Nilikimbilia mashine ya Shangazi. Kifurushi kilikuwepo. Lakini mstari wa Bosi ulikuwa umepanda juu kabisa, upande wa buluu! Nikainua macho kwenye rafu. Waya wa mashine yake haukuwa tena kwenye kisanduku cheusi. Alikuwa ameuchomeka mwenyewe kwenye cha buluu, wakati sote tumemkodolea macho Dada.

"Bosi, rudisha," nilinong'ona.

"Imebaki kidogo tu."

"Rudisha, nakuomba."

"Nimesema imebaki kidogo! Usiguse!"

Kwenye kioo, yule mwanamume alikuwa ameshaanza kuangalia saa yake. Sikusema neno la tatu. Nilipanda kwenye kiti, nikashika waya wa Bosi, nikauchomoa.

Miraba ikayeyuka. Nyuso zikarudi.

"Samahani, nilipotewa na sauti," Dada alisema, na sauti yake haikutetemeka. "Naomba mnirudie swali."

Wakamrudia. Akajibu.

Bosi alikuwa amesimama, kifua kimepanda, lakini kabla hajafungua mdomo Shangazi aliweka kidole midomoni, akamshika mkono kwa adabu, akamtoa nje. Mimi nikawafuata.

"Nimepoteza kila kitu!" Bosi alifoka barabarani. "Inabidi ianze upya! Mimi, mtu wa umri huu, nachomolewa waya na katoto! Aniombe radhi hapa hapa, watu wakiona. La sivyo, mlango wenu sitaukanyaga tena."

Nilijua tutapoteza nini akiondoka. Shangazi alijua zaidi.

"Bosi," alisema, "kiti ninakupa kwa umri wako, na nitakupa siku zote. Waya ninampa mtu kwa kazi anayofanya. Leo ungekuwa wewe unayehojiwa, na binti aliye mle ndani ndiye anayepakua, Sindano angechomoa wa dada yake mwenyewe. Alikwambia usoni. Wewe ulibadilisha kwa siri."

Bosi aligeuka akavuka barabara bila kuaga.

Tuliporudi ndani, Shangazi alinishika bega. "Sikia. Mtu ukiwa na kidogo, usikigawe kwa kuangalia sura wala makelele. Ulidhani mlaji ni Goli, ukakosea. Ulizuia kila mtu, ukakosea tena. Halafu ukakaa, ukatazama, ukajua. Hiyo ndiyo kazi: kutazama kwanza, kusema ukweli wazi, kisha kutotetereka. Hilo la mwisho ndilo gumu."

Video za Bosi niliziweka kwenye lori jioni ile ile. Zikaja moja moja, bila haraka, nami nikamtunzia kwenye flashi aliyoisahau kwenye mashine.

Mwezi ukaisha, na kwa mara ya kwanza kifurushi kikafika nao mpaka mwisho. Siku chache baadaye Dada aliingia dukani akikimbia, simu mkononi, hawezi hata kuongea. Chuo kilikuwa kimemkubali. Goli alipiga kelele kuliko siku zote, na siku hiyo hakuna aliyemnyamazisha.

Makelele hayo yalikuwa bado hayajaisha mlango ulipofunguka. Alikuwa Bosi. Kumbe alikuwa amejaribu duka jingine, ambalo lina pikipiki tu, na bei yake imemchoma. Alisimama mbele ya kaunta, kofia mkononi.

"Shikamoo, Bosi," nilisema.

"Marahaba. Nasikia dada yako amepata."

"Amepata."

"Hongera zake." Alikohoa. "Na zile video zangu?"

Niliichukua flashi kwenye droo, nikamkabidhi kwa mikono miwili. "Ziko zote. Karibu, keti. Feni iko wazi."

Aliitazama flashi, akanitazama mimi, kisha akawatazama watu waliokuwa wamenyamaza kusikiliza. "Nitaketi," alisema. "Lakini bado naisubiri radhi yangu."

"Salamu nimekupa, Bosi. Video nimekupa, na kiti nakupa," nilimjibu. "Radhi siombi. Ukichomeka tena, nitachomoa tena."