Mbuzi wa Mwenye Kiwanda

Khaemba alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha sukari guru karibu na Muhoroni. Alikoroga maji ya miwa yaliyochemka ndani ya karai pana. Kila asubuhi alikunywa uji akiwa amesimama, kisha akakimbilia kazini. Mkewe, Nelima, alilima mboga nyuma ya nyumba. Mwaka huo, 1971, walikuwa wanatafuta mabati ya kuezekea.

Siku moja tofali la jiko lilichomoka. Karai likainama. Sukari ya moto ikamwagikia mkono wa kulia wa Khaemba, kutoka kiwiko mpaka vidole.

Wenzake walikimbia kuchota majivu ili wampake. Beldina, jirani wa Khaemba aliyekuwa muuguzi, alikuwa akipita njiani. Aliposikia kelele aliingia.

"Wekeni majivu chini," akasema. "Leteni maji baridi, yawe safi na mengi."

Aliumwagia mkono maji kwa muda mrefu. Kisha akaufunika kwa kitambaa safi, na Khaemba akapelekwa hospitali Kisumu kwa lori la miwa.

Alilazwa miezi miwili. Aliporudi, ngozi ilikuwa imepona, lakini vidole vilikuwa vimejikunja na havikunyooka tena.

Wiki hiyo hiyo Joram, nyapara wa kiwanda, alikuja akivuta beberu mnene.

"Mwenye kiwanda anasema pole sana," alisema Joram. "Ila kazi ya karai inataka mikono miwili. Ametafuta mtu mwingine."

Beberu akachinjwa. Wakhisi, kaka mkubwa wa Khaemba, ndiye aliyegawa nyama.

Siku chache baadaye Nelima alisema, "Mume wangu hana mkono, na sasa hana kazi. Nitaenda kuuliza haki yake."

Wakhisi akatikisa kichwa. "Shemeji, mafuta ya mbuzi wake bado yako midomoni mwetu. Mtu hali nyama ya mwenzake leo, kesho akamshtaki."

"Ni kweli," Khaemba akasema polepole. "Watu wataniona sina shukrani."

"Watoto watakula shukrani?" Nelima akauliza.

Beldina, aliyekuja kuutazama mkono, aliyasikia hayo.

"Mzee Wakhisi," alisema, "mbuzi alikuwa pole, na pole ni jambo jema. Fidia ni jambo lingine. Mfanyakazi akiumia kazini, sheria inamtaka mwajiri alipe, hata kama hakukusudia. Haki hiyo haiuzwi kwa zawadi."

"Na yule mbuzi tuliyemla?"

"Alikuwa mtamu. Lakini sikumwona akitia sahihi mahali popote."

Wakhisi mwenyewe alicheka.

"Tufanye nini?" Nelima akauliza.

"Nendeni Kisumu kwa Afisa wa Kazi, wala msichelewe. Chukueni karatasi ya hospitali, kadi ya mshahara, na majina ya walioona. Kuuliza hakutozwi ada."

Khaemba aliutazama mkono wake. "Kesho," akasema.

Afisa wa Kazi, Bwana Obiero, alimsikiliza bila haraka. Alimwuliza siku, saa, na kazi aliyokuwa akifanya. Alimtuma kwa daktari ili apime ni kiasi gani cha nguvu za mkono kilichopotea. Kisha akamwandikia mwenye kiwanda barua.

Siku ya kikao, mwenye kiwanda alimtuma Joram.

"Bwana Obiero, jambo hili lilikwisha," alisema Joram. "Hawa walikula mbuzi wetu, mpaka mchuzi."

"Mbuzi huyo alimrudishia vidole?"

Joram aliangalia meza. "Hapana, Bwana."

"Basi tuendelee."

Hata wakoroga karai wawili walikuja wakaeleza habari ya tofali lile. Kabla ya mvua za masika, fidia ililipwa yote, mbele ya afisa. Khaemba alifungua kibanda sokoni, akauza omena, dagaa wa ziwani, kutoka Usenge. Alipima kwa mkono wa kushoto, akajaza kopo mpaka pomoni, na wateja wakampenda. Nyumba ikapata mabati. Kule kiwandani jiko likajengwa upya kwa saruji, na pipa la maji safi likawekwa karibu na karai.

Jumamosi moja Khaemba, Nelima na Wakhisi walifika kiwandani wakivuta beberu mkubwa kuliko yule wa kwanza.

"Huyu ni wa nini?" Joram akauliza.

"Tulikula wenu, nanyi mle wetu," Khaemba akajibu. "Sheria imetimizwa. Sasa na desturi itimizwe. Hatudaiani."

Joram alipokea kamba kwa mikono miwili. Wakoroga karai wakapiga makofi.

Wakhisi alitoa kisu mfukoni, akakinoa juu ya saruji mpya ya jiko.

"Nitagawa mimi," alisema. "Leo nyama itashuka vizuri."