Tupa ya Mjomba Wendell

Kila Jumamosi asubuhi Odessa Pruitt alifagia gereji ya kwao kabla mama yake hajatoa pikipiki. Aliijua sakafu ile vizuri, hata madoa yake ya mafuta. Ndiyo maana siku hiyo alisimama ghafla. Chini ya pikipiki ya Mjomba Wendell palikuwa na unga wa chuma unaong'aa, na juu ya meza kulikuwa na tupa iliyojaa unga uleule.

Akainama kutazama. Pikipiki ya mjomba ilikuwa kubwa na nzito, yenye kibao cha kuwekea mguu kila upande. Vibao vyote viwili vilikuwa vimelika upande wa chini. Jana havikuwa hivyo.

"We Odessa, umepoteza nini huko chini?" Mjomba alikuwa mlangoni na kikombe cha kahawa.

"Hamna kitu, Mjomba."

"Basi acha kuchungulia kama polisi!" Alicheka, lakini akaifunika tupa kwa kitambaa. Hapo Odessa akazidi kumshuku.

Kila Jumamosi waendesha pikipiki wa milima ile ya Tennessee, Marekani, walikutana mkahawani kwa Bibi Verna Tackett, naye mwendeshaji wa siku nyingi, na kabla ya kula kila mtu alichungulia vibao vya wenzake. Pikipiki nzito ikilala sana kwenye kona, kibao ndicho hugusa lami kwanza. Mwenye vibao vilivyolika kuliko vyote aliongoza msafara kushuka mlimani, na wengine walimfuata kwa mwendo wake.

"Njooni muone vya Wendell!" mzee mmoja akapiga kelele. "Kumbe ulikuwa unatuficha, bwana! Leo unatuongoza!"

"Najifunza tu," Mjomba akajibu, akijifanya mnyenyekevu huku akimwagia mikate yake mchuzi mweupe.

Odessa hakuweza kula. Yeye ndiye angekaa nyuma ya mjomba, na njiani kulikuwa na Kiwiko, kona kali yenye bonde tupu upande mmoja. Akatoka nje kuangalia tairi la pikipiki ya mjomba. Katikati lilikuwa limelika, lakini kingoni, upana wa vidole viwili, mpira ulikuwa mpya, hata vile vinywele vya mpira vya kiwandani bado vilikuwepo. Kama pikipiki ingelala mpaka kibao kiguse lami, kingo zile zingelika pia. Hii haikuwahi kulala hata nusu.

"Nyamaza basi," mjomba akanong'ona nyuma yake. "Nitakununulia pai la pichi. Mawili!"

"Kiwiko unakiweza, Mjomba?"

"Nitakwenda polepole."

Injini zikanguruma. Odessa alibaki amesimama, kofia ngumu mkononi.

"Sipandi," akasema kwa sauti.

"Una nini, mwanangu?" mama yake akauliza akiwa juu ya pikipiki yake.

Odessa akamtazama mjomba. Alimpenda, na hakutaka kumuaibisha. Mjomba akaitazama ile kofia ndogo, akazima injini.

"Nimevikata kwa tupa," akasema. "Havijawahi kugusa lami. Kona naziogopa."

Watu wakaguna. Bibi Verna akamkazia macho. "Na ungempeleka mtoto Kiwiko kwa uongo huo?"

Mjomba akainamisha kichwa. "Nisameheni."

Bibi Verna akampeleka mjomba na pikipiki yake kwenye uwanja mtupu wa kanisa. "Punguza mwendo kabla hujaingia kona. Tazama unakotaka kutokea, bonde liache. Sasa sukuma usukani kwa mkono wa upande unakokata kona. Haya, tena!" Mjomba alizunguka mpaka jasho likamlowesha shati.

Kisha wakashuka, Bibi Verna mbele, mjomba akimfuata, Odessa amemkumbatia kiunoni. Kwenye Kiwiko pikipiki ililala taratibu, ikainuka, ikaendelea.

Chini ya mlima Bibi Verna akawakusanya wote. "Kibao kikikwaruza, pikipiki inakuambia imefika mwisho wa kulala. Wendell amekata onyo lake mwenyewe ili tumsifu. Na sisi tuliokuwa tunasifia vibao tumekosea pia. Kuanzia leo anayeongoza ni yule anayesema ukweli kuhusu asichokiweza, maana huyo ndiye atakayetufikisha sote nyumbani."

Odessa alikuwa ameshainama. Mpira mpya kingoni mwa tairi ulikuwa umebaki upana wa kidole kimoja.

"Umepoteza nini huko chini?" mjomba akauliza.

"Hamna kitu, Mjomba," Odessa akajibu, na safari hii ilikuwa kweli.