Huyu Ana Mwenyewe

Walijuana kwenye lifti iliyojaa wafanyakazi wa mchana, mlango ulipobana pindo la gauni la manjano. Mkaguzi wa mifumo akalichomoa taratibu. Mwenye gauni, mwandishi wa programu aliyeitwa Kidoti, akamwambia gauni limepona, sasa waangalie nani aliyenaswa. Tangu hapo simu zao hazikuisha.

Kidoti alikuwa akitengeneza tovuti ya wachumba wanaotafuta ukumbi wa harusi. Siku ya kuikagua, mkaguzi kwa utani akajaza jina lake na la Kidoti. Ukurasa ukakataa kwa maandishi mekundu: "Huyu ana mwenyewe." Akajaribu majina ya dada zake, hata la shangazi yake, yote yakapita. Akarudia la Kidoti. "Huyu ana mwenyewe." Wivu ukamshika. Akaacha kupokea simu.

Kidoti akamfuata mezani kwake.

"Mpenzi, nimekukosea nini?"

Mkaguzi akamgeuzia skrini. Kidoti akasoma, akavuta kiti, akakaa. Kwa sauti ndogo akaeleza kwamba yeye aliandika klasi mtoto tu, kipande cha programu kinachojengwa juu ya kingine kiitwacho klasi mama, na alama za masharti alizobandika humo, zinazoamua jina gani lipite, hazina maneno hayo. Lakini mtoto hurithi. Sharti lililobandikwa kwenye klasi mama humfuata. Anaweza kujiongezea mengine, hilo hawezi kulivua. Na klasi mama, ya taarifa za watu, iliandikwa na marehemu mchumba wake. Tangu mazishi hakuwahi kuifungua.

Wakaifungua pamoja. Juu ya sehemu ya jina palikuwa na alama moja, na ndani yake jina la Kidoti na maneno yaleyale mekundu.

"Usiifute kwa ajili yangu," mkaguzi akasema.

"Naifuta kwa ajili yangu."

Akaifuta, akazima mfumo, akauwasha upya. Mkaguzi akajaza majina yao. Maneno mekundu yakatokea yaleyale. Kidoti akarudi kwenye klasi mama: alama haikuwepo. Vidole vyake vilikuwa barafu. Mkaguzi akavishika.

"Mwache marehemu aseme," akanong'ona. "Safari hii hajakosea. Nikubali, huyo mwenyewe niwe mimi."

"Mimi si mbuzi niwe na mwenyewe," Kidoti akajibu. "Lakini wewe nimekukubali."

Hakuna aliyegusa kibodi. Maandishi mekundu yakafifia polepole, na majina yao mawili yakapita.